Mafahali Wanne Katika Zizi Moja

Wazee wetu walisema kuwa mafahali wawili hawakai zizi moja. Methali hii ni kweli katika mambo mengi ya dunia. Watawala wawili hawaketi katika kiti kimoja, na manahodha wawili huzamisha jahazi. Lakini sanaa ina desturi zake, na mara nyingine desturi hizo hushindana na methali. Malenga wawili wanapojibizana kwa mashairi, kila mmoja humnoa mwenzake kama jiwe linoavyo kisu, na afaidiye ni msikilizaji. Je, mafahali wanne wakitiwa katika zizi moja, tena wote wa kabila moja na pembe za namna moja, patatokea nini? Katika insha hii nataka kulijibu swali hilo kwa kuipima santuri moja ya muziki wa jazi iliyopigwa Marekani katika mwaka 1959.

Jina la santuri hiyo ni Very Saxy. Ni jina la mzaha, lililoundwa kwa kulichezea neno linaloitwa ala yenyewe, yaani saksafoni. Tarehe 29 Aprili 1959, watu saba walikutana katika mji wa Hackensack, jimbo la New Jersey, si mbali na New York. Hawakukutana katika jumba kubwa la muziki. Walikutana katika sebule ya nyumba ya wazazi wa Rudy Van Gelder, fundi hodari wa kunasa sauti ambaye riziki yake ya kila siku aliipata kwa kupima watu macho. Wanne kati ya hao saba walikuwa wapigaji wa ala moja, saksafoni ya tenori, na kila mmoja wao alikuwa na jina lake tayari.

Kabla ya kuwataja, yafaa tuijue ala yenyewe. Saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji mmoja, Adolphe Sax, aliyepata hati ya ubunifu wake huko Paris mwaka 1846. Mwili wake ni wa shaba ya manjano, umepindwa kama kiko kikubwa cha tumbaku. Lakini sauti yake haizaliwi na shaba. Huzaliwa na ulimi mwembamba wa tete unaotetemeka kinywani mwa mpigaji, mfano wa zumari zetu za pwani. Kwa hiyo mdomo, meno, koo na pumzi za mtu huingia ndani ya sauti, na watu wawili wakipokezana saksafoni moja hawatatoa sauti moja. Tenori ni ile ya sauti ya tatu, kama waimbaji wa kwaya wahesabuvyo. Kimo cha sauti yake hukaribia sana kimo cha sauti ya mwanamume anayezungumza, na labda ndiyo sababu masikio yetu huisikia kana kwamba inasema.

Mwenyeji wa siku ile alikuwa Eddie Davis, ambaye dunia ya jazi ilimjua kwa lakabu ya Lockjaw. Alizaliwa New York mwaka 1922. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 alikuwa msimamizi wa mikesha ya muziki katika klabu ya Minton's, mtaa wa Harlem, mahali ambapo wapigaji walikuja kupimana nguvu. Alijua basi kazi ya kuwa mwamuzi wa mashindano, na alijua pia jinsi mashindano yanavyoweza kuharibika yakawa kelele.

Mgeni wa kwanza na mkubwa wao wote alikuwa Coleman Hawkins, aliyezaliwa mwaka 1904. Kabla yake saksafoni ya tenori ilikuwa kitu cha kuchekeshea watu. Yeye ndiye aliyeifanya ala ya heshima. Wimbo wa Body and Soul alioupiga tarehe 11 Oktoba 1939 ulikuwa darasa kwa kizazi kizima. Mgeni wa pili alikuwa Buddy Tate, mzaliwa wa Texas wa mwaka 1913, aliyekaa katika bendi kubwa ya Count Basie tangu 1939 hata 1948. Wa tatu alikuwa Arnett Cobb, mzaliwa wa Houston, Texas, wa mwaka 1918, aliyepata sifa katika bendi ya Lionel Hampton. Katika mwaka 1956 Cobb alipatwa na ajali ya gari iliyomvunja miguu, na tangu hapo hata kufa kwake alitembea kwa magongo. Mwanzo wa mwaka 1959 ndipo aliporudi tena kutia sauti yake katika santuri. Asikilizaye Very Saxy na akumbuke kuwa mmoja wa hao wanne wanaonguruma kama simba alifika kwenye chumba kile kwa magongo.

Sasa tuone ni jambo gani lililokuwa katika hatari. Mwaka 1959 ulikuwa mwaka wa mageuzi katika jazi. Juma moja tu kabla ya siku ile, tarehe 22 Aprili, Miles Davis na wenzake walimaliza huko New York santuri ya Kind of Blue, ambayo hata leo husifiwa kuwa mlango wa njia mpya. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, John Coltrane, naye mpigaji wa tenori, alipiga nyimbo za Giant Steps, zenye mabadiliko ya sauti ya haraka kuliko masikio ya watu yalivyozoea. Vijana walikuwa wamekwisha shika usukani. Hawkins alikuwa na miaka 54, Tate 46, Cobb 40, na hata Davis, mdogo wao, alikuwa na miaka 37. Lilikuwapo swali ambalo kila sanaa huulizwa siku moja: wakongwe wamebakiwa na nini cha kusema? Hatari zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kwamba wangeweza kujigeuza makumbusho, wakarudia yale waliyoyafanya miaka ishirini nyuma ili wapigiwe makofi ya huruma. Ya pili ni kwamba wangeweza kugombania nafasi, kila mmoja akipaza sauti kumshinda jirani yake, mpaka msikilizaji akaziba masikio.

Kilichowaokoa na hatari ya kwanza ni kinanda. Davis hakuwaita wageni wake waje kupiga na bendi ya kizamani. Aliwaweka mbele ya kinanda cha umeme cha Hammond, na mpigaji wake alikuwa Shirley Scott, msichana wa Philadelphia mwenye umri wa miaka 25. Kinanda hiki kilianza kuuzwa mwaka 1935, na makanisa mengi ya Wamarekani weusi, ambayo hayakuwa na fedha za kununua kinanda kikubwa cha mabomba, yalikinunua kwa kuwa bei yake ilikuwa nafuu. Kwa hiyo sauti yake ilibeba kumbukumbu za ibada: kuimba kwa kupokezana, kupiga makofi, kuitikia maneno ya mhubiri. Wapigaji wa jazi walipokitoa kanisani wakakipeleka katika vilabu vya mitaa yao, walizaa namna mpya ya jazi iliyoitwa "soul", neno lenye maana ya roho. Ni muziki wa bluzi na wa kanisa uliochanganywa katika chungu kimoja, na mwendo wake humtaka msikilizaji atikise mguu. Katika mwaka 1959 sauti hiyo ilikuwa changa. Basi wakongwe hawa waliingia katika nyumba mpya, na aliyewafungulia mlango alikuwa mdogo kuliko wote.

Kazi ya Shirley Scott katika santuri hii yastahili sifa kuliko anayopewa kwa kawaida. Kuwafuata wapigaji wanne wenye tabia nne ni kazi ya subira. Huweka nyuma ya kila mmoja zulia la sauti, kisha mara kwa mara hutupa kibwagizo kifupi kama waumini wanaomwitikia mhubiri, na mpigaji akichoka humpa pa kuegemea. Pamoja naye walikuwa George Duvivier kwenye besi, ile fidla kubwa impitayo mtu kimo, na Arthur Edgehill kwenye ngoma. Kwa kuwa Duvivier alizishika sauti za chini, Scott hakulazimika kuzitoa kwa miguu juu ya kanyagio, kama wafanyavyo wapigaji wengi wa Hammond. Akabaki na uhuru wa kuwasikiliza wakubwa wake.

Hatari ya pili, ile ya kugombana, iliepukwa kwa njia nyingine. Hapa yafaa tutazame umbo la nyimbo. Santuri ina nyimbo tano tu, na moyo wake ni bluzi. Bluzi ni umbo la vipimo 12, ambalo kila mpigaji wa jazi hulijua kama mtunzi ajuavyo mizani ya shairi. Wimbo huanza kwa kauli fupi ambayo wote huipiga pamoja, kisha kila mmoja hupewa zamu ya kupiga peke yake juu ya vipimo vile vile, akibuni papo hapo, na mwisho wote hurudi pamoja. Mtu asiyezoea atasema, "Hawa wanarudia jambo lile lile." Lakini mtu asiyejua ushairi naye aweza kusema hivyo akiwasikia malenga wanne waliopewa vina na mizani za namna moja. Ajuaye ataona kuwa umbo likiwa moja ndipo tofauti za watu zinapodhihirika. Ukimpa kila mtu kitambaa chake huwezi kuwapima mafundi. Wape kitambaa kimoja, ndipo utakapomjua ashonaye.

Na tofauti za hawa wanne ni dhahiri. Hawkins hujenga. Sauti yake ni pana na nzito, nayo hupanda na kushuka juu ya ngazi za sauti kama fundi mwashi anayehesabu matofali. Hakuna neno lake lisilo na msingi chini yake. Tate ni mtu wa dansi. Tangu mwanzo wa miaka ya 1950 aliongoza bendi yake katika Celebrity Club, Harlem, akiwachezesha watu usiku baada ya usiku, na hilo lasikika: husema maneno machache, kila moja mahali pake, kisha hupandisha sauti juu ikawa kilio kinachochoma moyo. Cobb huunguruma. Huipinda sauti moja, huivuta, huijaza pumzi mpaka ikakwaruza, na kwa sauti mbili au tatu tu aweza kusimulia kisa ambacho wengine wangehitaji hamsini. Davis naye ni mkorofi kwa namna ipendezayo. Huanza pale usipotarajia, huikata sentensi katikati, hukoroma, hucheka, kisha huondoka kabla hujajua kama amemaliza. Msomaji akisikiliza mara mbili au tatu kwa makini, ataweza kumtambua kila mmoja pasipo kuambiwa jina, kama amtambuavyo ndugu yake akibisha hodi usiku.

Wimbo ninaouona kuwa kiini cha santuri yote ni Lester Leaps In. Ili tuuelewe, hatuna budi kurudi nyuma. Lester Young, mtunzi wake, alikuwa bingwa mwingine wa saksafoni ya tenori, nayo sauti yake ilikuwa kinyume cha ile ya Hawkins: nyepesi, laini, isiyo na haraka. Husimuliwa kuwa katika usiku mmoja wa mwisho wa mwaka 1933, mjini Kansas City, Hawkins alipambana na Young na wengine mpaka kukapambazuka, na kwamba kijana hakushindwa. Mwaka uliofuata Hawkins aliiacha bendi ya Fletcher Henderson akaenda Ulaya, na Young akachukuliwa kushika nafasi yake. Wenzake katika bendi hawakumpenda, kwa kuwa hakutoa sauti kama ya Hawkins. Mke wa Henderson alimsikilizisha santuri za Hawkins ili ajifunze kumwiga. Young hakukubali. Hakukaa sana katika bendi hiyo, lakini aliondoka na sauti yake. Tarehe 5 Septemba 1939, pamoja na kikundi kidogo kilichotoka katika bendi ya Count Basie, aliupiga wimbo huu uliobeba jina lake. Wakati huo Buddy Tate alikuwa amekwisha ingia katika bendi ile, akiketi pamoja na Young katika safu moja ya saksafoni.

Lester Young alifariki tarehe 15 Machi 1959, mjini New York. Toka siku hiyo hata siku ya kuipiga Very Saxy ni siku 45. Kwetu pwani tungesema kuwa arobaini yake ilikuwa imepita kwa siku tano. Humo chumbani alikuwamo Hawkins, mtu ambaye Young aliambiwa amwige; na alikuwamo Tate, aliyeketi karibu naye katika ujana wao. Wangeweza kuufanya wimbo huu kuwa maombolezo. Wangeweza kuupunguza mwendo, au kuziiga sauti zile laini za marehemu, na wasikilizaji wengi wangetokwa na machozi. Hawakufanya hivyo. Waliupiga kwa mwendo wa mbio, na kila mmoja aliingia kwa sauti yake mwenyewe: Hawkins kwa uzito wake, Tate kwa kilio chake, Cobb kwa ngurumo yake, Davis kwa ukorofi wake. Humsikii hata mmoja aliyejaribu kuwa Lester.

Mtu aweza kusema kuwa huko ni kukosa heshima. Mimi naona kuwa hapakuwa na heshima kubwa kuliko hiyo. Lester Young aliishi kwa kanuni moja, kwamba mpigaji na asimulie kisa chake mwenyewe, na alikubali kupoteza kazi kuliko kuikosa kanuni hiyo. Amwigaye mtu wa namna hii humsaliti. Umbo la wimbo wenyewe lathibitisha jambo hili. Lina vipande vinne vya vipimo vinane. Cha kwanza, cha pili na cha nne hufanana, na cha tatu hugeuka, kama ubeti wa mishororo minne ambao mmoja una kina tofauti. Marehemu aliacha ubeti mtupu. Wenzake waliujaza kwa maneno yao, na kwa kuujaza hivyo walionyesha kuwa bado u hai.

Haifai mhakiki asifu tu. Santuri hii ina kasoro, nami nitazitaja. Kwanza, kauli za pamoja zinazofungua nyimbo ni nyembamba. Nyingi ni mifupa tu, zimewekwa ili watu wapate pa kuanzia, na ukizitenga na zamu za wapigaji hutakumbuka hata moja kesho asubuhi. Pili, bluzi zikifuatana hivyo humchosha msikilizaji, hasa asiyezizoea. Hakuna wimbo mmoja wa mapenzi wa polepole, na hasara hiyo ni kubwa, kwa sababu Hawkins alikuwa bingwa wa nyimbo kama hizo, na Tate na Cobb walikuwa na upole ambao hapa hatuuoni. Tatu, kwa kuwa wageni ni wengi, mwenye kinanda hupata nafasi ndogo ya kusema lake. Ukiutaka ufundi wake kamili, itakubidi uutafute katika santuri nyingine alizopiga pamoja na Davis, au katika zile alizoziongoza mwenyewe.

Walakini kasoro hizi ni za karamu iliyoandaliwa kwa haraka, wala si za chakula kibovu. Kilichokusudiwa kimetimia. Hatusikii wazee wanne wakiomba wakumbukwe, wala mabondia wanne wakitafutana ukumbini. Twasikia watu wazima wanaojuana, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi, na kila mmoja akijua kuwa akipiga upuuzi wenzake watatu wamesimama pale pale wanamsikiliza. Hofu hiyo njema ndiyo iliyowatoa jasho. Davis mwenyewe aliona faida yake. Mwaka 1960 alianzisha kikundi pamoja na Johnny Griffin, tenori mbili ana kwa ana, na kwa miaka miwili hivi walinoana mbele ya watu.

Wote wanne wamekwisha fariki: Hawkins mwaka 1969, Davis mwaka 1986, Cobb mwaka 1989, na Tate mwaka 2001. Shirley Scott naye alifariki mwaka 2002. Mapambano kati ya wapya na wakongwe ya mwaka 1959 hayamsumbui mtu tena, na leo mtu aweza kukisikiliza Kind of Blue asubuhi na Very Saxy jioni, asione ugomvi baina yao. Wakati ni hakimu mwenye subira. Huwaacha wapiga kelele wote wanyamaze, kisha huuliza ni nani aliyekuwa na sauti.

Sasa naweza kulijibu swali la mwanzo. Mafahali wanne waliweza kukaa zizi moja kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa fahali wa mwenzake. Nasi tunaojifunza kuandika tuna la kuokota hapo. Mwalimu akitupa darasa zima kichwa kimoja cha insha, wengi wetu huona dhiki, tukatazama daftari la jirani au tukaazima sentensi za mwandishi tumpendaye. Tumesahau kuwa kichwa kimoja kwa watu arobaini ni bahati, maana hapo ndipo sauti ya kila mmoja inapoweza kujulikana. Msome bingwa, mpende, mjue kama Tate alivyomjua Lester. Kisha zamu yako ifikapo, vuta pumzi yako mwenyewe.